Bunduki Namba 4417

Debre Tabor, 9 Tahsas

Mdogo wangu Gashaw,

Hujambo? Mkeo na watoto wazima? Sisi tupo, Mungu asifiwe, ila goti langu kanisani halikunjiki tena.

Nasikia bunduki kuukuu zilizookotwa vitani zinaletwa ghalani kwenu, nawe ndiye unayezisafisha na kuandika alama zake. Mwanangu Anteneh alikwenda vitani na ile ya baba yetu. Wewe ulihama kabla mtoto hajazaliwa, labda umeisahau: simba mwenye taji amegongwa kwenye chuma juu, namba 4417.

Miaka mitatu sasa. Akiwa hai asingeiachia. Wajua kwetu, mwili usipopatikana, bunduki ya marehemu ndiyo huwekwa mbele ya waombolezaji. Bila hiyo nitalia kwa kipi? Kila siku namwachia pembe yake ya mkate wa injera kwenye sinia.

Nitafutie. Uniambie kweli.

Dada yako,
Tiruwerk

Bahir Dar, 20 Yekatit

Shikamoo dada,

Pole na goti. Nisamehe kuchelewa, nimezipitia zote. Moja ilinishtua: simba yupo, na taji lake. Lakini namba ni 4190, na kitako kimeungua, kidoa kama sarafu, chini ya mkanda. Ya baba haikuwa na doa, alivyokuwa akiibembeleza kuliko sisi!

Si yenyewe. Usivae nyeusi. Huyo mlafi wako atarudi amalize sinia zima.

Mdogo wako,
Gashaw

Debre Tabor, 2 Megabit

Gashaw wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Anteneh alikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nakaanga kahawa, akachezea moto, kaa likaruka likatua kwenye kitako cha bunduki. Akalia, "Mama, babu ataniua!" Nikapaka siagi, tukapafunika kwa mkanda. Baba alikufa hajui. Tulijua wawili tu, mimi na yeye, na Mungu aliyetuona tukicheka.

Sikukasirikii. Ulitaka nifike Pasaka nikiwa bado na mtoto.

Sasa niombee kibali kwa wakubwa wako, uilete mwenyewe. Namba uiandike ile ya kweli. Na tafadhali, mdogo wangu, usipige msasa hapo palipoungua.

Kitambaa cheusi nimenunua. Padri anakungoja wewe.

Leo mchana ile pembe yake nimeila.

Dada yako,
Tiruwerk