Mkono Wangu Kwenye Skrubu

Jumatano, Chang'ombe. Mvua tangu asubuhi, na nguo zangu bado zinanuka magadi ya kiwandani. Nimepika mihogo, nimeshindwa kula. Nina hatia, shajara, na leo sitaki kuizungushia maneno.

Sie tunatengeneza sabuni za kufulia. Kila nusu saa anayeendesha mashine ya kukatia anapima uzito wa vipande vitano, anatafuta wastani, anaweka nukta kwenye grafu. Juu kuna mstari mwekundu, chini kuna mwingine. Nukta zikichezacheza humo katikati, ni kawaida, mashine iache ilivyo. Tulifundishwa hivyo wote.

Mie siwezi kuacha kitu. Nukta ikishuka kidogo, nakaza skrubu inayopanga ukubwa wa kipande. Ikipanda, nalegeza. Najionaga mchapakazi kweli.

Zamu ya jioni alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima wa Newala. Anapima, anaweka nukta yake, anakaa kwenye stuli. Kila tukipokezana namkuta kakaa. Ikaniudhi. Mwezi uliopita wenye maduka walianza kurudisha sabuni pungufu, bosi akaniuliza tatizo nini. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Bi Somoe mvivu, bosi. Mashine haigusi."

Akahamishiwa kufungasha, kwa vibarua.

Leo mwalimu wa ubora katubandikia ukutani grafu mbili za mwezi huo, majina kayafunika. Moja imetulia. Nyingine nukta zinaruka mpaka nje ya mistari. Akauliza ipi ina kasoro. Mie na kimbelembele changu, kidole juu wa kwanza: "Hiyo! Huyo mtu anaharibu kazi."

Mwalimu akakubali. Akasema nukta zile hazikuwa na ugonjwa, ila mtu alizitibu mpaka zikaugua. Nikasogea nione vizuri. Kila 7 iliyoandikwa pale imekatwa kistari katikati, kama niandikavyo mie.

Loh! Nilitamani ardhi inimeze.

Mchana nikaenda kwenye kufungasha kumwomba Bi Somoe radhi. Maneno nilishayapanga. Nikamwamkia shikamoo, na kabla sijaendelea akanishika mkono. "Marahaba, mwanangu. Yaani hata sijakushukuru. Najua wewe ndiye uliyeniombea nitolewe mashineni, uliona miguu yangu inavyovimba." Akanipa kifuko cha korosho, kaletewa kutoka kwao.

Nikapokea. Nikasema asante.

Halafu akapunguza sauti. Vibarua wanapunguzwa Jumamosi na jina lake limo. Kule Pugu ana wajukuu wawili, hawana mwingine. "Nisemee kwa bosi, mwanangu. Wewe anakusikilizaga."

Nikaitikia kwa kichwa nikaondoka, mwoga mkubwa mie. Ni kweli bosi ananisikiliza. Alinisikiliza mara moja tu, mama wa watu akapoteza mashine yake.

Nikienda kumwombea, bosi ataniuliza kwa nini nimegeuka, na jibu ni moja: sabuni pungufu zilikatwa zamu yangu, kwa mkono wangu. Huenda Jumamosi nikatoka mie. Naogopa, sitajidanganya. Lakini kesho naingia ofisini kwake kabla mashine haijawashwa.

Ee Mungu, nipe mdomo ule ule niliomchongea nao.