Upande Unaozama Mwezi

Jumapili, 15 Februari 2026
Bagamoyo. Miaka hamsini na nne tangu niende Maskati. Siyo hamsini na tano kama anavyodai Mazin, mtoto wa ndugu yangu. Nyumba ya baba imeanguka, kimebaki kiwanja tu, magharibi ya msikiti. Mazin ameafikiana na mjenzi: ghorofa nane, na vyumba viwili vya chini viwe vyangu mpaka nife. "Ami, safari hii huondoki." Nimekipima kiwanja kwa hatua mara mbili, mzee mzima!

Jumatatu, 16 Februari
Halmashauri inatunga sheria ndogo: ghorofa zisizibe upeo ambao watu huutazama kutoka paa la msikiti wakitafuta mwezi wa Ramadhani. Jambo zuri mno. Ila lazima ijulikane wanatazama wapi hasa. Ishaka, niliyesoma naye chuo cha Kurani, amenipeleka halmashauri kuwa shahidi kwa sababu nimetunza daftari langu la 1968. Limeandikwa wazi: mwezi umeonekana juu ya pembe ya ukuta wa makaburi. Bi Najma, afisa mipango miji, akapiga mstari mwekundu kwenye ramani, toka msikitini kupita pembe hiyo. Haugusi kiwanja chetu. Kamati ya halmashauri itaupitisha Ijumaa. Ishaka kawaambia wote: "Mmanga huyu, mwezi anaukumbuka. Jina langu kaniuliza mara mbili."

Jumatano, 18 Februari
Vidato ishirini na viwili mpaka paa la msikiti — nimevihesabu. Jua limezama, sote macho kwenye pembe ya ukuta. Hakuna kitu. Mara Mwanabaraka, mke wa Ishaka, akaita kutoka dirisha lao la juu: "Nyie wanaume mmepoteza nini huko makaburini? Mwezi si ule!"

Ule! Mwembamba, umelala chali. Maskati huinama, wa kwetu hulala. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Nikanyoosha mkono kupima: ngumi mbili kulia kwa ule ukuta. Juu ya kiwanja chetu hasa.

Papo hapo nikaelewa. Ramadhani ya 1968 iliangukia Novemba. Kila mwaka mfungo hurudi nyuma siku kumi na moja, na mwezi mwandamo huhama nao: Desemba huzama kusini zaidi, Juni kaskazini. Vitabu vyote vya nyota nilivyosoma, nami nimewapa watu mwezi wa mwaka mmoja.

Alhamisi, 19 Februari
Kufunga mosi. Nimemwambia Mazin mstari haufai. Unatakiwa upana wote, toka makaburini hadi tangi la maji la shule. Akauliza kwa upole: "Ami, nani mwingine anajua?"
Ishaka alikuwepo, nikasema.
"Mzee Ishaka hapimi kwa ngumi."
Kweli. Mazin anaomba nisubiri Ijumaa ipite, kamati ikishapitisha mstari wa kwanza. Kiwanja kikiingia ndani ya mstari, mjenzi atajitoa, na hapana nyumba. Mimi sina uwezo wa kusimamisha hata banda, na Mazin na wanawe wanne wamepanga chumba kimoja Dar.

Saa nane mchana. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bi Najma. Ana wageni, namsikia anacheka. Daftari liko mapajani. Nimechora upya, umbo la pepeo la ukili, jembamba msikitini na pana kwenye upeo, na kiwanja cha baba kipo katikati. Sijachora kitu kizuri kama hiki tangu niache kazi ya kuchora ramani.

Tiketi ya Maskati ni ya tarehe tatu Machi. Nilikusudia kuiacha ipite. Bi Najma akishauona mchoro huu, hapana nyumba ya kukaa: nitapanda ndege hiyo, na huku sitarudi tena.