Kadi Namba Kumi na Moja

Mzee Harish,

Salamu nimeziweka kando kwanza. Nimekasirika, na ungekuwa hai ningepanda ngazi za duka lako hapo Ngara mbili mbili nikakuambia usoni. Umekufa, kwa hivyo imebidi nikuandikie.

Miezi miwili imepita tangu tukuage. Nililia kuliko nilivyotarajia, mpaka jamaa zako wakaanza kuulizana huyu dada ni nani. Binti yako Rekha akawaambia, "Huyu ni Nekesa, mwanafunzi wa Baba." Miaka kumi na miwili nimekuwa mwanafunzi wako. Nililipenda jina hilo.

Wiki iliyopita Rekha alinipigia simu. Amepata mtu wa kununua zile kadi za wachezaji mpira zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za biskuti enzi za utoto wenu. Seti nzima, ishirini na nne. Mnunuzi anataka kila kadi iwe na cheti cha kusema ni halisi, chenye sahihi. "Baba alisema ni wewe tu," Rekha akaniambia. "Hata pale hospitali alirudia. Nekesa azipime zote, asiache hata moja."

Basi nikaja. Nikanawa mikono mara mbili kama ulivyonizoesha, wewe ambaye ulikuwa ukila bhajia juu ya meza hiyohiyo halafu unanifukuza mimi nikanawe. Nikawasha ile taa ya zambarau. Ni wewe uliyenifundisha kwamba karatasi ya siku hizi ina dawa ya kuifanya nyeupe, ukiimulika inang'aa, lakini ya zamani inabaki imefifia tu. Ya kwanza hadi ya kumi zilikuwa safi, na migongoni zina madoa ya mafuta ya biskuti yaliyozama ndani ya karatasi. Halafu nikafika namba kumi na moja, yule winga wa kushoto.

Kadi yako hiyo haikuwahi kupita chini ya taa nikiwepo. "Imechoka, beta, usiiguse," ulikuwa ukisema, ukiniita mwanao kwa lugha yenu, na mimi mjinga naitika. Watu walitoka mbali kuja kuitazama ndani ya kioo chake. Ulipigwa nayo picha gazetini. Jina lako lote limesimama juu yake. Nikaimulika, ikang'aa kama shati la shule lililotiwa buluu. Nikaigeuza. Doa la mafuta lina umbo la kidole gumba. Kuna mtu aliyapaka mafuta hayo, Mzee.

Nilikaa chini. Nikajiambia labda nawe ulitapeliwa. Nilikutetea, unasikia? Nilikutetea mle ndani na hakuna aliyekuwa amekushtaki. Kisha nikatoa bahasha yako ya kadi bandia, ile ya kufundishia, ili nilinganishe. Humo nikaikuta kadi ya mama yangu.

Unaikumbuka siku niliyoileta. Nilikuwa nimeona picha yako gazetini, nikatoka nyumbani Kabiria nikiwa nimeifunga kwa leso. Mama alikuwa ameitunza ndani ya kitabu chake cha nyimbo tangu utotoni. Baba yake alimwambia alinunua pakiti moja, ya pili, ya tatu, akala biskuti mpaka akazichukia, hadi winga huyuhuyu, aliyependwa na binti yake, akatoka. Ndiyo hadithi pekee ya babu ambayo Mama alikuwa akitusimulia huku akicheka. Wewe ukafunga jicho moja, ukachungulia kwa lenzi, ukasema, "Pole. Hii ni ya River Road. Walikuwa wakichapisha hizi na kuwauzia watoto." Ukaniomba nikuachie, kisha ukaniuliza kama ningependa kujifunza kazi hii. Nilidhani ni wema.

Niliporudi nyumbani nikamweleza Mama. Akasema, "Basi baba alinidanganya." Tangu siku hiyo hajaisimulia tena hadithi ile.

Sasa nimeimulika kadi yake. Haikung'aa hata chembe, na doa lake limezama kama yale mengine. Nyuma yake kuna kikaratasi, kwa penseli, mwandiko wako: "Halisi. Ya mama yake Nekesa."

Ulijua! Kama ulijua siku ileile au ulikuja kujua baadaye, sitawahi kupata jibu, na kwangu ni mamoja. Ungeikubali ya Mama, watu wangeziweka hizo mbili pamoja, na yako ingeonekana ilivyo. Kwa hivyo ukamfanya babu yangu mwongo ili wewe ubaki mkweli. Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mzee. Kadi ngapi za watu tumezitupa nje mimi na wewe, tena ukiwahubiria kuhusu uaminifu?

Na kuna linaloniuma zaidi. Ulinifundisha kwa sababu nilikuwa na jicho, au kwa sababu ulinionea haya? Siku uliyonipa lenzi yako mwenyewe nilirudi Kabiria nikiwa nimeishika mkononi njia nzima. Hata siku hiyo umeniharibia.

Nilimwita Rekha nikamwonyesha. Mwanzoni alisema, "Nekesa, si u-sign tu? Nani atajua?" Nikazima taa ya dari, nikaziweka kadi zote mbili chini ya ile ya zambarau. Akatazama muda mrefu, akasema, "Aki Baba," akaenda kusimama dirishani. Hakuniomba tena. Ndipo nikaelewa kwa nini ulisisitiza nisiache hata moja. Ulitaka nijue, ila hukutaka kuwepo nikijua. Huo ni woga, Mzee. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ya kuniambia, na mdomo mzima.

Nimeandika vyeti ishirini na tatu vya kadi halisi. Kwenye cha kumi na moja nimeandika "bandia", nikatia sahihi yangu.

Jumapili nilimpelekea Mama kadi yake. Alikuwa akichambua mboga. Alijifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole, nikamweleza yote. "Kwa hivyo baba hakunidanganya," akasema. Halafu hasira zikampanda: "Mimi nimemnunia marehemu baba miaka yote hii kwa sababu ya mzee wako?" Rekha alikuwa ameniomba niulize kama angeiuza. Hata sikumaliza kuuliza, akakataa.

Jioni aliwaita wanangu, akawasimulia jinsi baba yake alivyokula biskuti mpaka akazichukia. Alifika katikati akaanza kulia, kisha akamalizia akicheka.

Kwaheri, Mzee. Duka Rekha ameniachia, na nitaendelea na kazi. Nakuahidi kitu kimoja: kila atakayeleta kadi ataiona yake chini ya taa, kando ya ile ninayoilinganisha nayo, na nikikosea nitamfuata hadi kwake nimwambie. Nilikupenda, na sijui nifanye nini na hilo sasa.

Mama amemsamehe baba yake, ambaye hakuwahi kumkosea. Wewe utangoja.

Nekesa