Kangaga Lililonyolewa

Deira, Dubai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepungua uvimbe? Dawa ya kuchua imekufaa? Mimi mzima wa mwili, ila hasira imenijaa mpaka kooni, na afadhali unisikie mwenyewe kabla hujaambiwa nimefukuzwa kazi kwa ujeuri.

Yule sir wangu wa Bur Dubai ninayemfanyia kazi za nyumbani, mtu mzima na mvi zake, alikwenda kutembea nchi za barafu kwa meli, akarudi na kangaga kavu, jani la porini dogo kama kidole. Kwetu Lushoto mbuzi wangelikanyaga. Akatundika ramani sebuleni, ina pini nyekundu kila mahali ambapo kangaga adimu la huko limewahi kuonekana. Ni pini chache. Akachomeka na yake ya kijani, kisiwani alikochuma, akawa anawatambia wageni kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliona pale. Mtu asiyejua kutofautisha mchicha na majani ya maboga!

Wiki iliyopita akaja jikoni na kitabu, jasho linamtoka. Kumbe lile adimu ni laini, halina hata unywele. Lake lilikuwa na malaika tele kama mkono wa mtu. Na mtaalamu wa mimea, mama mmoja kutoka Norwe, alikuwa anakuja kuliona Jumatano.

"Rehema, una mkono mwepesi. Linyoe."

"Unasema, sir?"

"Linyoe. Yalla!"

Na mimi, Mama, nikalinyoa. Asubuhi nzima, kwa wembe na kibanio cha nyusi cha mkewe. Kwa hilo najidharau, ingawa yeye namdharau zaidi.

Mgeni akaja, akatoa kioo chake cha kukuza, akalitazama. Akasema kikonyo ni cha kahawia, na lile adimu kikonyo chake ni cha kijani. Kisha akauliza mbona jani lina visiki visiki.

Sir akaninyooshea kidole. "Ni huyu mfanyakazi. Amelisugua akifuta vumbi. Hawa hawajui thamani ya kitu."

Nikaweka sinia la chai chini. "Madam, lilikuwa na manyoya. Sir aliniamuru nilinyoe."

Yule mama akanishukuru, akaenda ukutani, akaing'oa pini ya kijani, akamtilia sir kiganjani. Mgeni kutoka tu, sir akaniambia, "Khalas. Fungasha."

Jana kanipigia simu. Eti nirudi, mradi nimwandikie yule mama kwamba sikuelewa Kiingereza. Nikamwambia atafute kinyozi mwingine.

Sasa nimehifadhiwa na Grace, Mganda mlinzi wa hoteli. Duka moja la vitambaa liko tayari kunichukua, lakini huyo sir ndiye kafeel wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, na bila sahihi yake ya kuniruhusu kuhama sijui itakuwaje.

Nisalimie shangazi mshonaji, baba mdogo mzee wa kanisa, na mwanangu umbusu kwa niaba yangu. Najua utasema anayekulisha humkatizi kauli. Kama sahihi ataninyima, nitarudi nyumbani, Mama, nawe utanipokea bila kuniuliza kwa nini sikunyamaza.

Ni mimi bintiyo,
Rehema