Kitambaa cha Meza Kimeenda Kiminini

Mama Wamboi,

Maharagwe yako jikoni, ongeza maji. Kuku wamekula. Meza iko wazi, nitaeleza.

Najua asubuhi ulininyamazia kutoka Kiminini hadi hapa Kitale kwa sababu mamako alisukuma gari, leso kiunoni, na mimi mkwe nimeketi kwa usukani. Hata mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini mbona hili gari kuukuu huwaka vizuri likiwa baridi, na likipumzika dakika kumi tu njiani linakataa? Ulipoenda kwaya nikalijaribu. Kumbe injini moto ikizimwa, petroli inachemka ndani ya pampu na kabureta, mvuke unaziba njia na petroli inafurika. Nikafunga kitambaa chenye maji baridi kwa pampu ya petroli, nikakanyaga eksileta hadi chini bila kupigapiga. Likawaka. Mara mbili.

Sasa narudi Kiminini. Nitalizima mlangoni kwa mamako, ninywe chai, kisha niliwashe akiona.

Kitambaa ni kile cha meza alichokushonea yeye. ~~Nitamwambia ni kingine.~~ Akiuliza, nitamwambia safari hii kitambaa chake ndicho kinachosukuma, yeye aketi.

Baba Wamboi