Priampu Iliyomhamisha Mama

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya magurudumu.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mpwa wangu,

Barua hii imeandikwa na mtu ambaye bila kidole chake watu mia sita hawaendi kula. Meneja akiumwa, kiwanda kinaendelea kama kawaida. Mimi nikiumwa, kila mtu anabaki kwenye mashine yake anatazama ukuta, maana king'ora hakijalia na hakuna mwingine anayejua kukibonyeza kikalia vizuri. Nakukumbusha tu, kwa kuwa umekaa mbali muda mrefu, huenda huko umezungukwa na wakubwa ukasahau kwamba na huku kwenu wapo.

Hujambo lakini, mwanangu? Habari za kazi, habari za watoto, habari za baridi? Mume wako mgongo umepoa? Dada yangu, mama yako, tangu aje kukaa kwako amenenepa kidogo au bado anadonoadonoa chakula? Mimi ni mzima, ila magoti yana maneno yao asubuhi. Mke wangu naye mzima. Amekaa hapa pembeni anachambua maharage, na ameniambia nisikuandikie mambo ya kuudhi. Nimemwambia barua ni yangu.

Bibi yako ni mzima pia. Ila hakai tena kwangu. Amehamia kwa mjomba wako mdogo, yule Mhasibu, na kiti chake, na santuri zote za babu yako. Najua umeshasikia, maana habari mbaya zangu hufika huko kabla sijamaliza kuzipata. Sasa nisikilize na mimi.

Unazikumbuka zile santuri ambazo babu yako anapiga tarumbeta. Tangu afe, kila Jumapili bibi yako akishaoga alikuwa anakaa sebuleni kwangu kwenye kile kiti chenye mikono ya mbao, namwekea. Haimbi, halii. Akifika pale babu anapoingia, ananyanyua kidole kimoja basi. Alikaa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwanawe mkubwa wa kiume, na kwa sababu sauti naijua. Nadhani nilikwambia kwamba siku moja nikiwa msalani kiwandani nilisikia beringi ya mashine ya mwisho kabisa ikilalamika, nikatoka na sabuni mikononi nikawaambia izimeni. Walipoifungua, beringi ilikuwa imebaki unga. Mhandisi alitaka kunipa mkono, nikamwambia angoje ninawe.

Basi amplifaya yangu ya zamani ikafa. Ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Nikamwita fundi wa redio, huyu tunayemwita Kibiriti kwa sababu kila anachogusa hufuka, akasema hiyo ni ya kuzika. Nikatafuta nyingine, liamplifaya kubwa lililokuwa linatumika ukumbini, zito ajabu. Tulilibeba watu wawili, yaani mimi, na Kibiriti aliyeshika mlango. Nikaliingiza kwenye kabati la sebuleni, likajaa humo ndani kisawasawa, hata panya asingepita.

Hapo ndipo Kibiriti akaniambia kwamba amplifaya nyingi za siku hizi hazijui santuri. Sauti inayotoka kwenye sindano ni nyembamba mno, inataka kwanza ipite kwenye kijisanduku kinachoitwa priampu. Hicho kinaipokea, kinainenepesha na kuinyoosha, ndipo amplifaya iichukue. Nilikuwa nalijua hilo, nilimwacha aseme tu apate chai yake.

Mjomba wako Mhasibu naye akapata nafasi. Akaja na viatu vyake vya kung'aa, akasimama katikati ya sebule yangu akitazama kabati kama mtu wa bima. Yeye kwake ana kigramafoni kidogo chenye kila kitu ndani, spika na mfuniko, unaweza kukibeba kama mfuko wa sokoni. Akasema mbele ya mama: "Kaka, mama asikae kimya Jumapili zote hizi. Nipe mimi santuri, utakapokuwa tayari utazichukua." Sikiliza maneno hayo. Utakapokuwa tayari. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu mpaka alipofika darasa la nne.

Nikasema Jumapili ijayo mashine italia. Bibi yako akanitazama, akasema haya, Jumapili ikilia hapa, anakaa hapa. Ikishindikana, atakwenda kwa mdogo wangu na vitu vyake, maana yeye hana umri wa kungoja mafundi. Alisema taratibu tu, huku anakunja kanga yake, kama mtu anayepanga siku ya kufua.

Basi nikaenda kuchagua priampu. Duka lenyewe ni jembamba, unaingia kwa ubavu, redio mpaka darini. Muuzaji akanitolea tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, haina hata taa. Nikamwuliza hiki ni kifaa au ni chaja. Ya pili ilikuwa na balbu za kioo juu zinazowaka rangi ya chungwa, nzuri, lakini nikafikiria wajukuu wa jirani na mpira wao. Ya tatu, mwanangu, ilikuwa ya chuma, ina vinobu saba vya kuzungusha na vidirisha viwili vyenye sindano zinazocheza. Nikaipima kwa mkono, nzito. Kitu cha sauti lazima kiwe kizito, usije ukadanganywa na mtu.

Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unataka ya kusikiliza au ya kutazama?"

Nikamwambia mimi nasikiliza na macho. Akacheka, akaanza kunieleza habari za nyuma ya amplifaya, matundu gani, yameandikwa nini. Nikamkatiza. Huwezi kumwachia muuza duka akufundishe nyaya wakati wewe una king'ora chini ya mkono wako kila siku ya Mungu. Nikaondoka na priampu yangu kifuani, wala sikuomba mfuko, watu waione.

Jumamosi nikaiunganisha. Kabati lile kulivuta ni kazi ya watu wanne, na mimi sikutaka mtu. Nikapitisha mkono nyuma, nikapapasa matundu, nikachomeka. Mke wangu akaniuliza si nijaribu kwanza. Nikamwambia santuri za baba haziguswi mama akiwa hayupo, na siku hiyo alikuwa kliniki. Hiyo ni amri ya nyumba hii tangu msiba, na wewe unaijua.

Jumapili wakaja. Bibi yako kwenye kiti chake, Mhasibu na mkewe kwenye kochi, Kibiriti mlangoni ingawa hakuna aliyemwalika. Nikawaeleza kidogo kuhusu zile sindano mbili, labda zaidi ya kidogo, maana Mhasibu alitazama saa. Nikaweka santuri. Nikashusha mkono wa sindano.

Mwanangu, kilitoka kitu. Siwezi kukiita sauti. Kilikuwa kama lori la mchanga linalomwagwa juu ya mabati. Vile vidirisha viwili, sindano zikaruka mpaka mwisho zikaganda huko. Vikombe vikahama mezani. Nikapunguza nobu ya kwanza, ya pili, nikapunguza zote saba, likapungua lori lakini likabaki lori. Na ndani yake kwa mbali unasikia kuna mtu anapiga tarumbeta, anazikwa.

Bibi yako alivumilia mpaka pale babu alipotakiwa kuingia. Kidole hakikunyanyuka. Akasema, "Zima, mwanangu. Baba yako alipiga tarumbeta, hakupiga debe."

Nikazima. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wangecheka ningewajibu. Mke wa Mhasibu akaanza kuzifunga santuri kwenye shuka kabla chai haijaletwa, kama mtu aliyekuja na shuka hilo kwa kazi hiyo. Mhasibu akabeba santuri. Kiti nilibeba mimi mpaka kwake, mtaa wa tatu, maana yeye ana mgongo wa ofisini. Watu wakaniuliza njiani ninahama, nikasema ninafanya mazoezi.

Tangu siku hiyo kila mtu ana maelezo yake. Mhasibu anasema spika zangu zimechoka, na mimi nazijua spika zangu, zimepumzika kuliko yeye. Kibiriti anasema ni umeme wa mtaa wetu, haujasoma. Mimi nikawaambia wote kwamba muuzaji ni mwizi, ameniuzia kitu kibovu. Nililisema dukani kwa mangi wa pembeni, nikalisema kwa kinyozi, nikalisema kiwandani mpaka likawa linatembea peke yake.

Na nimekwenda kumwona bibi yako huko. Amewekwa karibu na dirisha, anakunywa chai kwenye vikombe vya kufanana. Kile kigramafoni kinatoa sauti ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Besi haina, utamu hauna. Nikakaa nikingoja aseme kitu. Babu alipoingia, akanyanyua kidole, hivyohivyo kwenye sauti ya ndoo. Nikaaga mapema. Mhasibu akanisindikiza mpaka nje akaniambia nisijisikie vibaya, kila mtu na kipaji chake. Mdogo wangu huyo. Namjua tangu hajui kupenga kamasi.

Nilitoka hapo na hasira, na Jumatano nikachukua ile priampu nikairudisha dukani. Nilisema mengi, mengine nisiyaandike hapa kwa kuwa watoto wako wanasoma. Muuzaji akaichukua, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akaiunganisha kwenye mashine yake ya dukani, akaweka santuri ya mtu nisiyemjua.

Ikalia vizuri. Vizuri sana, mwanangu, mpaka wapita njia wawili walisimama. Zile sindano mbili zikawa zinacheza katikati ya vidirisha vyake kwa adabu. Muuzaji akaniuliza niliiunganisha vipi. Nikamwambia kama watu wote wanavyounganisha. Akasema basi nenda nayo, mzee, siwezi kupokea kitu kizima kwa jina la kibovu. Sasa nikipita njia hiyo hanisalimu, na kwa vile nimeshamtangaza, na wengine hawanunui tena kwake.

Haya, mama, nisikuchoshe. Kuna jambo moja nakuomba. Bibi yako hukusikiliza wewe kuliko sisi wote tuliobaki hapa. Ukimpigia simu, usimwambie nimekutuma. Muulize tu habari za huko, usikilize anavyojibu. Akionyesha kuchoka na ile ndoo, mwambie umesikia kwamba mashine ya mjomba imetengenezwa na fundi mmoja mkubwa aliyepita. Asikuulize jina. Na kama ataonyesha ameridhika huko, kaa kimya, wala usiniandikie. Nitaelewa.

Nisalimie mume wako na wanao wote, hasa yule wa mwisho anayesemekana kufanana nami paji la uso. Dada yangu mkubwa mwambie namkumbuka, na kwamba yeye angekuwepo hapa kiti cha mama kisingevuka barabara. Mke wangu anawasalimu, sasa yuko jikoni. Kibiriti naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu awatunze huko mliko, awape riziki ya halali na majirani wenye masikio.

Kabla sijakunja karatasi, nikwambie kitu ambacho mke wangu hakijui, ndiyo maana nimengoja aende jikoni. Niliporudi kutoka dukani nililivuta lile kabati peke yangu, ndiyo sababu ya magoti. Nikaliangalia liamplifaya kwa nyuma kwa mara ya kwanza na tochi. Kuna tundu limechorwa kisahani cha santuri. Priampu ilikuwemo humo ndani siku zote, haikutaka nyingine. Mimi nikapapasa nikachomeka ya kwangu kwenye tundu hilohilo, sauti ikawa inanenepeshwa mara mbili. Nikahamisha waya tundu la jirani. Mashine ni nzima tangu Jumatano. Ninayo hapa imewashwa, sindano zimelala maana santuri sina, na sijamwambia mtu.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,

Mjomba wako mkubwa.