Kengele Tumboni mwa Mamba

Mdogo wangu Valsin,

Huku Louisiana kwema. Mama bado anatia pilipili hadi kwenye mayai. Lile jimamba lililokuwa likitumalizia ndama tumelipata! Nilitundika kuku kwenye ndoana, juu kabisa ya maji, mahali mamba mdogo hafiki. Mama akanicheka: "Wewe Alcide, unavua ndege?" Asubuhi kamba imekaza, jimamba la futi kumi na tatu!

Tulipolipasua, tumboni tukakuta kengele ya yule mtamba niliyekusingizia kuwa umemuuza kwa siri. Mama aliitikisa puani pangu mpaka nikacheka huku nalia. Nisamehe, mdogo wangu. Kengele nimeitundika mlangoni kwako. Nyama ya mkia ipo kwenye friji, sijaigusa. Njoo tumle mwizi.

Kaka yako mdomo mrefu,
Alcide